Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Viwanja vya 2027 na Deni la Mara

Tarehe 15 Oktoba 2021, Biashara United ya Mara iliifunga Al-Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa mujibu wa ratiba, Biashara ilikuwa nyumbani. Nyumbani kwenyewe, hata hivyo, kulikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Musoma. Mama muuza samaki wa Mwigobero, aliyezoea kuishangilia timu yake Uwanja wa Karume, aliusikiliza ushindi huo redioni. Timu haikufika Libya kwa mchezo wa marudiano, na mwisho wa msimu ikashuka daraja.

Naukumbusha mkasa huu kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Arusha inajengewa uwanja mpya wa watazamaji 30,000. Sina ugomvi na uwanja huo. Swali langu ni hili: wageni wakishaondoka, mwenyeji atakuwa amepona nini?

Historia ya jirani zetu ina la kutufunza. Kenya ilijenga Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Wasanifu hawakuishia kwenye uwanja wa mpira na njia ya kukimbilia. Waliweka pia ukumbi wa michezo ya ndani na bwawa la kuogelea. Huo ni usanifu unaomfikiria raia wa siku ya kawaida. Hata hivyo, zege nalo huzeeka, na Kasarani ilibidi ifungwe kwa ukarabati kabla ya kupokea fainali ya CHAN mwezi Agosti 2025. Uwanja wetu wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, nao umehitaji ukarabati mkubwa kabla ya kutimiza miaka 20. Huko Afrika Kusini, jiji la Cape Town lilijenga uwanja mkubwa kwa Kombe la Dunia la 2010, na kwa miaka mingi walipa kodi wake wamebeba mzigo wa kuutunza. Kujenga ni sherehe ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila siku, wala haina utepe wa kukata.

Watakaonipinga watasema kuwa Arusha ni kitovu cha utalii na fedha za nchi hazitoshi kila mkoa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkazi wa Bunda haioni Arusha kuwa jirani: njia yake fupi hupita ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Na mimi sidai Butiama ijengewe uwanja wa watu 30,000. Uwanja wenye jina la Kambarage uko Shinyanga, na sioni kama Mwalimu amepungukiwa heshima kwa hilo. Kumjengea kijijini kwake jengo lisilo na watumiaji kusingekuwa kumuenzi.

Tunachohitaji ni kidogo na kinawezekana. Uwanja wa Musoma hauhitaji paa la kuuzunguka wote. Unahitaji jukwaa lenye kivuli upande wa magharibi, ili jua la alasiri lisiwachome watazamaji. Mifereji ya kuondoa maji ya mvua. Vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo vinavyofaa, vya wanawake vikiwamo. Njia ya anayetumia kiti cha magurudumu. Na fremu za maduka upande wa barabara, ambazo kodi yake italipa mishahara ya wanaotunza nyasi.

Hapo linakuja suala la umiliki, ambalo wengi hulikwepa. Viwanja vingi vya mikoa nchini vinamilikiwa na CCM, ilhali vilijengwa enzi za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi wote. Kabla ya kutia fedha za umma katika uwanja wowote wa aina hiyo, pawe na mkataba ulio wazi unaoeleza nani anautunza, nani anakusanya mapato, na raia ana haki gani ya kuutumia.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila uwanja utakaotumika 2027 utangaziwe bajeti ya matunzo ya miaka kumi itakayofuata. Pili, sehemu ya mapato ya viingilio itengwe kwa ajili ya viwanja vya mikoa isiyopata mechi hata moja. Tatu, halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zipime viwanja vya wazi na vya shule na kuvipatia hati, kabla havijageuzwa kuwa viwanja vya nyumba. Hili la tatu halisubiri CAF wala mkandarasi. Linamsubiri ofisa ardhi anayesoma makala haya, na mwanafunzi atakayethubutu kumuuliza diwani wake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa 2027 yuko njiani. Kipimo cha kupona kwetu hakitakuwa taa za Arusha usiku wa ufunguzi. Kitakuwa siku ambayo klabu ya Mara itacheza mechi ya Afrika nyumbani, na nyumbani kukawa Musoma.