"Run" Si Kukimbia Tu

Madai kuhusu neno la Kiingereza "run" hurudiwa sana madarasani, na mengi hayana msingi.

Tuanze na lile la kwamba maana yake halisi ni kukimbia, na nyingine zote ni upotoshaji wa wasemaji wavivu. Si kweli. Tangu Kiingereza cha kale, kitenzi hiki kilitumika kwa maji yanayotiririka, si kwa miguu ya mtu peke yake. Zilipokuja mashine kikazipokea: injini, treni, na siku hizi programu za kompyuta. Hutumika pia kwa pua yenye mafua, kitambaa kinachochuja rangi, na mtu anayeendesha duka. Wateja wakimiminika benki kutoa fedha zao kwa hofu, tukio hilo nalo huitwa "run". Hata siasa imegawanyika: kwa mgombea wa Marekani hutumika "run", ilhali kwa anayewania ubunge Uingereza hutumika "stand", yaani kusimama. Hakuna kati ya maana hizi iliyo haramu.

Wengine husema bingwa wa maana nyingi ni "set". Aliwahi kuwa. Toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, la 1989, lilikipa kitenzi hicho maana zaidi ya 430. Kufikia 2011, mhariri wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikuwa amekichambua kitenzi "run" kwa miezi kama tisa na kupata maana 645. Hata hivyo, hesabu hizi zinategemea uamuzi wa mhariri: je, mto kutiririka na bomba kutiririka ni maana moja au mbili? Isitoshe, anayejumlisha maana zote za "set" huchanganya maneno tofauti: "set" ya vyombo ina asili ya Kilatini kupitia Kifaransa, ilhali kitenzi "set" ni ndugu wa neno la kukaa.

Dai linaloniudhi hasa ni kwamba wingi huo unathibitisha utajiri wa Kiingereza na umaskini wa Kiswahili. Anayesema hivyo amesahau "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, deki, hodi, magoti na mbizi, wala hakuna anayeumia. Na hatumwambii mtoto kwamba kupiga pasi ni lugha mbovu.

Basi, je, mwanafunzi akariri maana zote 645? Hakuna Mwingereza aliyezikariri. Maana huonekana kwa kutazama ni nani au nini kinatenda, na maneno gani yanafuata. Mwalimu amfundishe mwanafunzi fungu zima: "run a shop" ni kuendesha duka, "run out of sugar" ni kuishiwa sukari. Mtihani unaomtaka aeleze maana ya "run" bila kumpa sentensi unamnyima kitu ambacho hata Gilliver asingeweza kufanya kazi bila hicho: mifano ya matumizi.