Muuguzi na Mgeni

Mwaka 2016 mama mmoja wa Mikumi alitujia kutaka shauri. Binti yake, aliyesoma chuoni kwetu Kilosa, alikuwa muuguzi katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, naye mama alitaka kumrudisha nyumbani.

Hofu yake twaijua. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliua watu wapatao 31. Lakini binti, katika barua zake, hakulalamikia maradhi, alilalamikia lugha. Mwanamke asiyejua ila Kirundi huja na mwanawe wa kiume awe mkalimani, na ugonjwa wenyewe ni wa uzazi. Ataona haya (nani asingeona?), atasema kichwa chamwuma, apewe dawa ya kichwa, arudi na ugonjwa wake. Basi binti akawa amwita bibi mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Waislamu wake husema Kiswahili tangu zamani, akalimani nyuma ya pazia.

Tukamkumbusha mama mafuriko ya Mkondoa, Januari 2010, walipolala hemani hapa Kilosa, wakitibiwa na wauguzi wasiowajua. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza nauli ya basi hata Kasulu ni shilingi ngapi.