Seremala Hakuja na Jeshi



Hadithi ya zamani inaposimuliwa upya, tuangalie kilichobadilishwa na pia kilichoachwa vilevile. Mwaka 1951 Robert Wise alitengeneza Marekani filamu The Day the Earth Stood Still, yaani Siku Dunia Iliposimama. Mwaka 2008 Scott Derrickson akaitengeneza upya. Katika zote mbili mgeni aitwaye Klaatu anashuka kutoka angani, pamoja na roboti kubwa liitwalo Gort, ili kuwaonya wanadamu.

Mwaka 1951 onyo lilihusu silaha za nyuklia. Kumbukumbu ya Hiroshima ilikuwa bado mbichi, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya wakati ule ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Mwaka 2008 onyo liligeuka: wanadamu wanaiharibu dunia yenyewe. Badiliko hilo hatulilaumu. Kila kizazi kina hofu yake, nasi tunaoishi kandokando ya misitu ya Tshopo twajua kwamba hofu hii ya pili si ya kubuni.

Jambo jingine ndilo linalotushughulisha. Katika filamu ya kwanza, mgeni anajificha kwa jina la Carpenter, maana yake seremala. Anauawa, anarudishiwa uhai, kisha anaondoka kwenda juu. Mkristo humtambua mara moja anayedokezwa. Lakini seremala huyu anaacha tishio: watu wa dunia wakipeleka ugomvi wao kwenye sayari nyingine, maroboti kama Gort yatawateketeza. Filamu ya pili imepiga hatua: Klaatu anamwona mtoto akilia kwenye kaburi la baba yake, na mama wa kambo akimkumbatia, naye anasadiki kwamba watu waweza kubadilika. Hata hivyo roboti limebaki, na hukumu imebaki kwa mwenye nguvu.

Seremala wa Nazareti aliikataa njia hiyo. Usiku wa kukamatwa kwake alimwamuru mfuasi arudishe upanga alani, akasema kwamba angeweza kumwomba Baba zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika (Mt 26:52-53). Hakuyaomba.

Kisangani yaijua gharama ya kutegemea silaha. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu mjini kwa siku sita, na raia wengi wakafa kwa ugomvi usio wao. Wala tusiwatupie wageni lawama zote: mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulimwaga damu Lubunga, na ndugu zetu wakavuka mto kutafuta hifadhi.

Kwa hiyo, ikiwa hadithi hii itatengenezwa upya kwa ajili ya siku zetu, twapendekeza Gort aachwe nje. Vikundi vya vijana vya parokia viiigize: mgeni ashukie Lubunga, mikono mitupu, awakute vijana wa pande mbili. Ni nani atakayemsogelea mwenzake kwanza? Ni nani atakayekataa kusambaza kwa simu maneno ya chuki juu ya kabila la jirani? Majibu hayo hayawezi kutoka angani. Mchezo utakapokwisha, waigizaji na watazamaji wabaki pamoja, wayajibu kwa majina yao wenyewe.