Kampeni za saratani ya ngozi zisikomee kwenye jua

Kila Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uhamasishaji kuhusu Ualbino, wakazi wa Nairobi hukumbushwa umuhimu wa kofia pana, nguo za mikono mirefu na losheni ya kukinga ngozi dhidi ya miale ya jua. Siku hiyo, iliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2014, imesaidia kulianika suala la saratani ya ngozi hadharani. Hata hivyo, ujumbe mmoja hauwezi kuwatosha wote.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini. Kwao, kujikinga na jua ni suala la uhai, kwa kuwa ngozi yao ina upungufu mkubwa wa melanini, rangi ya asili inayopunguza madhara ya miale hiyo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye makao yake kando ya barabara ya Waiyaki, Westlands, limekuwa likiwapa losheni bila malipo kupitia hospitali.

Lakini jua la Nairobi ni la hila. Jiji liko karibu na Ikweta, katika mwinuko wa takriban mita 1,700. Baridi ya Julai huwahadaa wengi, ilhali miale hupenya mawingu. Mchuuzi mwenye ualbino anayeshinda nje River Road au Kangemi anahitaji kujipaka losheni upya kila baada ya saa mbili. Kwa mtu kama huyo, chupa moja haidumu.

Kwa walio wengi, wenye ngozi nyeusi, hatari iko kwingine. Melanoma, aina hatari zaidi ya saratani ya ngozi, mara nyingi huwapata mahali pasipopigwa na jua: kwenye unyayo, kiganjani au chini ya ukucha. Picha za Bob Marley hupamba matatu jijini, lakini si abiria wote wanaojua kwamba ugonjwa huo uligunduliwa kwenye kidole chake cha mguu mwaka wa 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Losheni haiwezi kuzuia ugonjwa wa aina hiyo. Kinga iliyopo ni kuutambua mapema: doa jeusi linalotanuka, kidonda kisichopona, au mstari mweusi unaozidi kupanuka ukuchani.

Serikali tayari ina njia ya kufikisha ujumbe huu. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua katika bustani ya Uhuru Park mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao kazi yao ni kutembelea wananchi nyumbani. Wakifunzwa kukagua nyayo na kucha, na zahanati zikawa tayari kuwapokea wanaoshukiwa kuugua, wengi wataokolewa kabla ya ugonjwa kuenea.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika saratani ya ngozi, ufa huo huenda uko chini ya soksi.