Nyuki wa darini hawahitaji petroli, wanahitaji fundi

Waungwana, kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi, leo nalitema. Nchi yetu inatajwa kuwa ya pili Afrika kwa kuzalisha asali, baada ya Ethiopia. Tuna wizara yenye idara nzima inayoitwa Idara ya Misitu na Nyuki. Tuna Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki tangu mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki tangu 2002. Tabora tuna chuo kinachofundisha watu nyuki tu. Lakini nyuki wakihamia darini, kitu cha kwanza tunachokumbuka ni petroli. Cha pili ni dawa ya kuulia mende. Cha tatu ni mganga. Mfuga nyuki ndiye wa mwisho kabisa, tena anaitwa dari ikiwa imeshaanza kufuka moshi.

Hivi akili zetu tulimwazima nani, mbona harudishi?

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi mtu alaze watoto chini ya dari yenye nyuki maelfu. Nyuki wetu ni wakali, na akichokozwa mmoja hutoka kundi zima. Mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, anakufa pale pale. Mtoto mchanga na bibi asiyeweza kutembea wako kwenye hatari ile ile. Kwa hiyo nyuki waondoke, hilo hatubishani. Ugomvi wangu uko kwenye namna ya kuwaondoa.

Mfano wangu ni Rubwera, kule Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa nini Rubwera? Kwa sababu kule unaona wazi jinsi tunavyowakaribisha nyuki wenyewe, halafu tunawalaumu kwa kuja.

Zamani watu wa Karagwe waliishi kwenye msonge wa nyasi. Moto uliwaka humo humo ndani na moshi ukapenya kila mahali. Nyuki gani angeweka makazi hapo? Leo tumejenga kwa matofali na mabati, jambo jema. Jiko limehamia nje. Kati ya dari na bati kumebaki uwazi mkubwa, mkavu, wenye giza, na fundi ameacha matundu ya hewa bila wavu. Wakati huo huo miti mikubwa yenye mapango tumeigeuza mkaa na mbao. Sasa nyuki akitafuta pango na akakuta dari yako, amekosea nini? Wewe ndiye umemjengea mzinga wenye vyumba vitatu na sebule.

Na nyuki hawavamii kama majambazi, ingawa ndivyo wanavyoandikwa. Kundi likizidi kuwa kubwa, malkia wa zamani huondoka na sehemu ya nyuki wake kutafuta makao mapya. Hutua kwanza kwenye tawi, wakaning'inia kama kikapu, huku wapelelezi wakizunguka kukagua mashimo. Hapo wanaweza kukaa saa chache, pengine siku moja au mbili. Huo ndio wakati wao wa upole kuliko wakati wowote. Wamesafiri na asali tumboni, na hawana watoto wala akiba ya kulinda. Mtu anayejua kazi, akiwa na mzinga na nguo za kujikinga, anawakung'utia ndani na kesi imekwisha.

Sisi tunafanyaje? Tunawarushia mawe. Au tunawaacha, wanaingia darini, wanajenga masega, malkia anataga, majana yanajaa. Miezi ikipita ndipo tunashtuka. Sasa wana nyumba, wana watoto na wana chakula. Hata wewe ungepigana.

Ndipo linapoletwa dumu la petroli. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Juu kuna kenchi za mbao kavu, utando wa buibui, nta na nyaya za umeme. Mtu mzima na akili zake anapanda ngazi usiku na mwenge! Nyuki akimchoma jichoni anauachia mwenge, na kilichokuwa tatizo la nyuki kinakuwa tatizo la familia kulala nje. Halafu tunauliza nani katuroga.

Wanaojiona wajanja zaidi hutumia dawa. Wananyunyiza, nyuki wanakufa, wanasema yamekwisha. Hayajaisha. Niliwahi kulala kwenye nyumba moja kule ambako nyuki walikuwa wameuawa hivyo. Nyuki wakiwa hai hupepea mabawa kupooza masega na kuyalinda. Wakifa, bati linawaka jua la mchana, nta inalegea, asali inachuruzika mpaka dari inaota madoa ya kahawia. Majana yanaoza. Sisimizi wanapanga foleni, na panya nao wanapata taarifa. Harufu ile usiulize. Ubaya zaidi ni kwamba nyuki wengine huja kuiba ile asali yenye sumu na kuipeleka kwenye mizinga yao, na mizinga hiyo inaweza kuwa ya jirani yako anayelipia ada za watoto kwa asali. Na harufu ya nta inabaki kuwa tangazo la nyumba ya kupanga. Msimu ujao kundi jingine linaingia. Umeua, umelipa, umeteseka, na nyuki unao.

Tukumbuke pia kwamba Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kahawa ya Robusta. Mbuni wa Robusta hauwezi kujichavusha wenyewe, lazima upate chavua ya mbuni mwingine. Upepo hufanya sehemu ya kazi hiyo, na wadudu, nyuki wakiwemo, hufanya sehemu yake. Mkulima anayechoma nyuki darini asubuhi na jioni kulalamika kuhusu mavuno ya kahawa anamfukuza kibarua asiyedai hata senti tano.

"Sasa unataka tufanye nini, wewe msomi wa magazeti?" Swali zuri. Fundi wa nyuki hufanya hivi. Anakuja jua linapozama, akiwa na bomba la moshi, kisu, ndoo yenye mfuniko na mzinga mtupu. Watu na mifugo wanaondolewa kwanza. Anapuliza moshi kidogo. Nyuki aliyechoma huacha harufu ya kuwaita wenzake, na ajabu ni kwamba inafanana na harufu ya ndizi mbivu. Moshi unaifunika harufu hiyo, na pia unawafanya nyuki wakimbilie kunywa asali badala ya kupigana. Kisha anafungua dari, anakata masega moja moja. Yenye asali yanaingia kwenye ndoo. Yenye majana anayafunga kwa kamba kwenye vijiti vya mzinga, kwa sababu nyuki hawawatupi watoto wao. Anamtafuta malkia, akiingia mzingani wengine wanamfuata. Mzinga unaachwa karibu mpaka giza liingie na waliobaki warudi, halafu unafungwa na kupelekwa mbali, zaidi ya kilomita tatu, wasije wakarudi walikotoka. Mwisho anakwangua nta yote, anaziba mianya, anaweka wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 3.

Umeona? Nyumba imesimama, ndoo ina asali, na kuna mtu mahali fulani ana mzinga wenye nyuki. Wengine hutundika mizinga mitupu mwaka mzima wakisubiri kundi liingie. Sisi tunachoma kundi lililokwisha kuingia!

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Hiyo ni kazi ya ufundi. Fundi bomba tunamlipa. Fundi umeme tunamlipa. Lakini kijana anayekuja kutoa nyuki tunamwambia, "Asali si utachukua mwenyewe?" Anapanda juu na koti la mvua na mfuko wa nailoni kichwani, hana glavu, hana bomba la moshi. Akichomwa mara mia tunacheka. Kwa malipo hayo, unashangaa kwa nini anaona rahisi kuchoma na kuondoka? Marekani na Afrika Kusini kuna watu wanaendesha maisha kwa kuhamisha nyuki kwenye nyumba. Tarehe 4 Februari 2017, mechi ya kriketi ya Afrika Kusini na Sri Lanka mjini Johannesburg ilisimama zaidi ya saa moja kwa sababu ya nyuki. Zimamoto ya mkono ilijaribiwa, ikashindikana. Aliyemaliza kazi ni mfuga nyuki, akawakusanya na mchezo ukaendelea.

Wenzangu wa magazeti nao hawajambo. Kichwa cha habari ni kile kile: nyuki wavamia, nyuki wazua taharuki. Halafu aya mbili za minong'ono kwamba kuna mtu kaibiwa na mganga kawatuma nyuki. Kuhusu dari isiyo na wavu, hakuna hata sentensi moja. Jina la "nyuki wauaji" lenyewe tumeliokota ughaibuni. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na hapa kwetu, enzi hizo Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka, yakazaana na kusambaa mpaka Texas mwaka 1990. Waamerika walipiga kelele na kutengeneza sinema za kutisha. Wabrazili walijifunza kuwafuga, na leo wanauza asali nje ya nchi. Nyuki ni wale wale wa kwetu. Mgeni kajifunza kuishi nao, mwenyeji anawamwagia petroli.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, kila halmashauri ibandike kwenye ofisi za kata na vijiji majina na namba za watu wanaojua kuhamisha nyuki, ili mama mwenye nyuki darini saa mbili usiku asianze kuulizia mtaani. Pili, vijana hao wapewe mafunzo na vifaa, na bei yao ijulikane. Mkopo wa vijana ukinunua nguo mbili za kujikinga, mabomba mawili ya moshi na mizinga kumi, tayari kuna ajira. Tatu, sisi wenye nyumba tumwambie fundi kabla hajapiga bati la mwisho: weka wavu. Gharama yake haifiki bei ya dari moja.

Na siku nyuki wakishambulia watu kweli kweli, usijifanye shujaa. Kimbia, ingia ndani, funga mlango, toa miiba haraka, aliyechomwa sana apelekwe hospitali. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, kuokoa maisha ni kazi yao. Lakini kundi lililotulia darini halijafikia huko. Linaweza kusubiri fundi mpaka kesho jioni.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma hadi chuo kikuu na umemjengea mama nyumba ya bati kijijini: matundu yake ya hewa yana wavu? Na kama nyuki wameshaingia, utamtumia hela ya petroli au hela ya fundi?

Nawasilisha.