Mpini Ukivunjika, Nani Alipe?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya masomo, juu ya mtihani wa Serikali na juu ya usafi wa madarasa. Leo tunataka kusema juu ya shoka. Musicheke. Chakula cha enterna kinapikwa kwa kuni, kuni tunapasua sisi wenyewe, na kila juma kile chuma kinapita karibu na miguu na vichwa vya wadogo zetu. Kama hilo si jambo la kuandika, basi hatujui tuandike nini.

Shauri letu ni hili: ile sheria ya kwamba mpini ukivunjika anayelipa ni yule aliyekuwa ameushika, ibadilishwe. Tunasema kwa heshima, lakini tunasema wazi.

Sheria ile iliwekwa kwa nia njema, ili watu wachunge vyombo vya shule. Lakini mti tunaujua kwa matunda yake. Mwanafunzi akiona ufa kwenye mpini, hasemi. Anajua ya kwamba akisema ataulizwa: "Nani alikuwa na shoka?" Kwa hiyo anafunga ule ufa na kipande cha mpira wa baiskeli, anaegemeza shoka ukutani, anaenda zake. Yule anayekuja nyuma, ambaye hajui kitu, ndiye anavunjikiwa, na ndiye analipa. Je, hapo tumechunga chombo? Wapi! Tumechunga faranga zetu tu.

Tena kuna hii desturi ya kulaza shoka iliyolegea ndani ya maji. Asubuhi mtu anaitikisa, anasema: "Iko nguvu sasa, piga tu!" Kumbe maji yamevimbisha mti ndani ya tundu la chuma. Chuma hakipanuki, kwa hiyo nyuzi za mti zinabanwa na kupondeka. Jua likipanda mti unakauka, unapungua, na sasa unalegea kuliko jana. Ni dawa ya saa chache, na ugonjwa unazidi.

Sisi tunaosoma Biblia kila asubuhi, tukumbuke Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Pale panasemwa juu ya mtu aliyeingia msituni na jirani yake kukata miti, chuma kikatoka kwenye mpini kikamwua jirani. Mtu yule alipewa mahali pa kukimbilia, sababu hakumchukia mwenzake tangu zamani. Wengi wanaishia hapo, wanasema: "Ajali ni ajali." Lakini tusome pia Kutoka sura ya 21, habari ya ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Kama mwenye ng'ombe alikwisha kuonywa na hakumfunga, hatia ni yake. Basi, shoka ambayo tunajua imelegea si ajali tena. Ni ng'ombe ambaye tumeonywa juu yake. Na sheria inayofanya wanafunzi waogope kusema inafungua mlango wa zizi.

Wengine watajibu: "Mukiondoa malipo, wavivu watavunja kila siku." Neno hilo lina haki yake, hatulikatai. Lakini mpini wenyewe unatoa ushuhuda. Ukivunjika chini kidogo ya chuma, na pale pamejaa alama za kugongwa, maana yake mpigaji anapitisha shoka, mti wa mpini unapiga kuni mahali pa chuma. Huyo afundishwe, na akirudia bila kujali, alipe. Ukipasuka kwa mshazari mrefu kufuata nyuzi, kosa kubwa ni la mti uliochaguliwa vibaya. Chuma kikilegea muda mfupi baada ya mpini kuwekwa, mara nyingi mti ulitiwa ukiwa mbichi. Katika mambo hayo mawili, kwa nini mtoto wa mwaka wa kwanza alipe?

Hapo tunafika kwenye mizizi ya shida. Mipini tunayonunua mara nyingi ni ya mikaratusi mibichi. Mkaratusi ni kuni nzuri, hatuusemi vibaya, lakini ukikauka haraka unajipinda na kupasuka, na mara nyingi nyuzi zake zinazunguka. Mti wa mpini utafutwe wenye nyuzi zilizonyoka toka mwisho hadi mwisho, bila fundo. Mpera ni mgumu na unavumilia. Mti ule wa maua ya manjano, ambao wataalamu wanauita Markhamia lutea, watu wanautumia pia kwa mipini. Kipande kipasuliwe kwa kabari, kisikatwe kwa msumeno, sababu msumeno hauulizi nyuzi zinaelekea wapi. Kisha kikae miezi kadhaa kivulini, mbali na mvua na mbali na moto wa jiko. Kikikauka vizuri ndipo kichongwe, kiingizwe, kipigwe kabari ya mti mgumu. Msumari hapana: unapasua mti na unashika kutu.

Na miti hiyo tusiitafute msituni. Kahuzi-Biega ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1970, na mahitaji ya jiko letu yasiongeze mzigo juu yake. Tunaweza kupanda mipera nyuma ya shamba la shule. Sisi wa mwaka wa sita hatutaitumia, lakini wadogo zetu wataitumia.

Basi tunaomba wakubwa wetu mambo manne. Kwanza, anayeleta habari ya ufa au ya chuma kilicholegea asilipe na asikemewe. Pili, kila Jumamosi kabla ya kazi kapita wa kuni atazame kila shoka mbele ya wote. Iliyolegea iwekwe pembeni, hata kama chakula kitachelewa. Tatu, mipini sita mikavu iwe katika depo wakati wote. Nne, anayepasua asimame peke yake, na wanaookota wasubiri mpaka shoka imelala chini.

Ndugu wanafunzi, na sisi tuna sehemu yetu. Sheria ikibadilishwa, hatutakuwa tena na sababu ya kuficha. Ukiona ufa, sema siku ile ile. Faranga za mpini mmoja zinapatikana tena. Jicho la mwenzako halipatikani.