Dawa za Wazee Wetu

Homa ya malaria ina mwanzo na ina mwisho. Mgonjwa hununua vidonge vya siku tatu, huvimeza, na akiisha kupona humsahau mwuza dawa. Lakini presha na ugonjwa wa sukari ni wageni wasioaga. Mzee aliyeingiliwa na magonjwa hayo hana budi kumeza dawa leo, kesho na mwaka ujao.

Wazee wa namna hiyo wanazidi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2030 mtu mmoja katika kila sita ulimwenguni atakuwa na miaka 60 au zaidi. Nchi yetu ya Kongo ni ya vijana bado, lakini ni nani kati yetu asiye na mzee wa kumtunza? Kumwona daktari kwataka fedha na subira. Farmasi iko kando ya njia, toka Birere hata Ndosho. Kwa hiyo mwuza dawa amekuwa mganga wa kwanza wa wazee wetu, apende asipende.

Hapo ndipo kazi yake inapogeuka. Tufanye mfano: mama mzee mwenye presha anaumwa magoti, anaomba diklofenaki. Mwuzaji anayetazama faida tu humpa, hupokea faranga, basi. Kumbe dawa hiyo yaweza kupandisha presha, kutia vidonda tumboni na kuharibu figo. Na dawa za namna ya kotizoni, zitulizazo maumivu upesi, hupandisha sukari. Mwuza dawa mwenye elimu na moyo huuliza kwanza: "Mama, unameza dawa gani nyingine?" Humpima presha, huandika, na akiona hatari humtuma hospitali, ijapokuwa siku hiyo hakumwuzia kitu. Amepoteza faranga chache, ameokoa mtu.

Nasi jamaa tuna wajibu wetu. Tarehe 27 Mei 2021, ilipotolewa amri mitaa 10 ya Goma ihame kwa hofu ya Nyiragongo, watu walijaa katika njia ya Sake. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, wengi walijifungia nyumbani. Katika siku kama hizo mzee atamwambia nini mwuza dawa asiyemjua? "Kile kidonge cheupe, kidogo"? Vidonge vyeupe ni vingi!

Basi ninyi wanafunzi, ketini leo na babu au bibi. Andikeni jina la kila dawa, kiasi chake na saa yake, mkaiweke karatasi hiyo pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Wala msikubali aache dawa ya presha kwa kuwa anajiona mzima. Presha huua kimya kimya.

Wazee hao walitunywesha dawa tulipokuwa hatujui hata kusema panapouma. Zamu yetu imefika.